Ndimu Juu ya Maharagwe: Vitamini C kwa Jiko la Mabanga

Muuza dawa wa kutembea hupita mitaa ya Mabanga Nord na Mabanga Sud hapa Goma akiwa na kartoni kifuani, na katikati ya dawa za minyoo na za maumivu hakosi vichupa vya vitamini C, vile vidonge vinene vya rangi ya chungwa vinavyofoka povu vikitiwa majini. Humwambia mama mwenye mtoto wa mafua kwamba dawa ndiyo hiyo. Mzee anayelalamika uchovu huambiwa vivyo hivyo, na msichana anayetaka ngozi nyororo naye hasahauliwi. Sina ugomvi na kijana anayetafuta riziki. Ila kabla hujafungua fundo la kitenge utoe franka, tuhesabu kwanza, maana kitu anachokuuzia pengine unacho jikoni tayari, na unakipoteza mwenyewe kati ya kisu na sufuria.

Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima. Wamarekani hupandisha juu zaidi: 75 kwa mwanamke, 90 kwa mwanamume, 85 kwa mjamzito, 120 kwa anayenyonyesha, na mvutaji sigara huongezewa 35. Ili tu usiugue kiseyeye, ule ugonjwa wa kuikosa vitamini hii, miligramu 10 hivi kwa siku zinatosha. Sasa chukua pera. Gramu mia za pera zina zaidi ya miligramu 200, kwa hiyo pera moja dogo la kuuzwa kwa fungu kando ya barabara limekupa mahitaji ya siku mbili. Kipande cha papai cha gramu 150 kina kama 90, chungwa moja kama 70. Kidonge cha muuza dawa mara nyingi ni cha miligramu 500 au 1,000. Mwili hauna ghala la kuweka ziada yote hiyo: dozi ikiwa kubwa, utumbo hufyonza kwa uchache zaidi, na figo hutoa nyingi ya iliyopita. Nyingi ya pesa ile inaishia chooni.

Kazi yake kubwa ni kuusaidia mwili kutengeneza kolajeni, nyuzi zinazoshikilia ngozi, fizi, mishipa ya damu na mifupa. Anayeishi juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo anaiona kazi hii kila siku, kwa sababu watoto wetu hukwaruza magoti kwenye mawe haya tangu wanapoanza kutembea, na goti hufunga kwa kolajeni. Vitamini ikiisha mwilini kidonda hakifungi. Hata kovu la zamani linaweza kufunguka upya. Zaidi ya hapo inazisaidia chembe nyeupe za damu kupambana na maambukizi, na inasaidia mwili kufyonza madini ya chuma, jambo nitakalolirudia kwa kirefu kwa kuwa naona ndilo lenye faida kubwa kwetu.

Mbuzi anayezurura mtaani hahitaji pera. Ini lake linajitengenezea vitamini C kutokana na sukari, kama ilivyo kwa mbwa na kwa ng'ombe wa Masisi. Sisi hatuwezi, kwa kuwa kimeng'enya cha mwisho katika kazi hiyo kiliharibika kwa mababu wa mbali mno, mamilioni ya miaka iliyopita. Gorila wa Virunga wako kama sisi, ila wao wanashinda wakitafuna majani mabichi. Mwingine asiyeweza ni kobayi, yule mnyama mdogo anayefugwa jikoni katika nyumba nyingi za Kivu, ambaye Watanzania humwita simbilisi. Mwaka 1907 watafiti wawili wa Norwe, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha kobayi nafaka tupu wakichunguza ugonjwa mwingine kabisa, beriberi. Badala yake wakaona wanyama wanaugua kama mabaharia wenye kiseyeye. Wangechagua panya wasingeona kitu, kwani panya hujitengenezea. Basi ukifuga kobayi usiwape pumba peke yake. Nyasi mbichi na majani ya kabichi ndiyo yanayowaweka hai. Mtoto anayetumwa asubuhi kukata nyasi za kobayi anamfanyia mnyama jambo ambalo sisi wazazi mara nyingi tunasahau kumfanyia yeye.

Kiseyeye huanza baada ya mwezi mmoja hadi mitatu ya kukosa: uchovu, maumivu ya miguu na viungo, fizi kuvimba na kutoa damu, madoa madogo ya damu kwenye vinyweleo vya miguu, mwishowe meno kulegea. Pwani ya Waswahili iliushuhudia ugonjwa huu mapema. Januari 1499 meli za Vasco da Gama zilifika Malindi zikitoka India, baada ya karibu miezi mitatu baharini na watu kama thelathini kufa njiani. Nahodha alimtuma mtu nchi kavu awatafutie wagonjwa machungwa, na yakaletwa, lakini kwa wengi yalikuwa yamechelewa. Mwaka 1747 daktari Mskoti James Lind aliwagawa mabaharia 12 wagonjwa wawili wawili, kila jozi na tiba yake. Waliopewa machungwa na malimau ndio walioinuka haraka.

Hizo ni habari za merikebu, utasema. Lakini mwaka 2017 hadi 2018 kiseyeye kiliwapata vijana wa kiume kutoka Sudan Kusini katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya. Walikuwa wanakula mgawo: nafaka, kunde, mafuta. Walilalamikia maumivu ya miguu, na ilichukua muda kabla ya ugonjwa kutambuliwa, kwa kuwa ni nani siku hizi anayefikiria kiseyeye? Shida yao haikuwa njaa peke yake. Chakula chao kilikosa kitu kimoja.

Hapo ndipo nataka tuangalie sahani ya Mabanga. Watu wengi hawajui kwamba mojawapo ya vyanzo vyetu vikubwa vya vitamini C ni birayi, viazi mviringo vya Masisi na Rutshuru. Gramu mia za viazi vilivyochemshwa na maganda zina kama miligramu 13 tu, lakini nani anakula gramu mia? Sahani ya gramu 400 imekufikisha 50. Waairishi waliishi kwa viazi bila kujua siri hii, mpaka ugonjwa wa mimea ulipoviangamiza mashambani kuanzia 1845. Wakaletewa unga wa mahindi kutoka Marekani, na kiseyeye kikatokea kati yao.

Kwetu barabara za Masisi na Rutshuru zinapofungwa, birayi hupanda bei au hupotea, na nyumba nyingi huhamia kwenye unga wa mihogo na wa mahindi. Tumbo linajaa. Lakini fufu ya unga huo haina vitamini C ya kutajwa. Maharagwe makavu hayana, sambaza kavu (samaki wadogo) hazina, wali hauna, mawese hayana, chai haina. Mlo wa fufu, maharagwe na sambaza ni mlo mzuri kwa mambo mengine, na mimi naupenda. Ila kwa upande wa vitamini C ni mgawo wa Kakuma. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ninayokupa ni hii: siku birayi zinapotoka mezani, lazima kitu kibichi kiingie. Pera, chungwa, kipande cha papai, binyomoro, marakuja, hata nyanya mbili mbichi zenye pilipili. Nyanya si tajiri, miligramu kama 14 kwa gramu mia, lakini ukila kila siku zinakuweka mbali na kiseyeye.

Sasa jikoni, ambako hasara kubwa hutokea. Vitamini C huyeyuka majini, huharibika kwa joto, na hewa huila kila unapokata au kutwanga. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hiki maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Ndiyo maana maharagwe yetu hula makala kuliko maharagwe ya Dar es Salaam. Chakula kinakaa motoni muda mrefu zaidi, na kinachoharibika kwa muda kinaharibika zaidi.

Chukua sombe. Majani mabichi ya mihogo yana vitamini C kuzidi chungwa, lakini yanatwangwa, yanapigwa na hewa, kisha yanachemshwa saa nzima au zaidi. Kinachobaki ni kidogo mno. Tafadhali usielewe kwamba nakuambia uipike haraka! Majani yale yana sumu ya sianidi, na kule kutwanga sana na kuchemsha kwa muda mrefu ndiko kunakoiondoa. Sombe ipikwe kama mama zetu walivyotufundisha. Tuipende kwa protini yake na utamu wake, na vitamini C tuitafute mahali pengine.

Wengine hutia bikarbonati kwenye sombe au maharagwe ili yaive upesi. Naielewa hesabu ya makala, bei yake tunaijua wote. Lakini bikarbonati huharibu vitamini C pamoja na vitamini B1. Maharagwe yaloweke usiku kucha, asubuhi umwage maji yale, utie mapya: utaokoa makala bila bikarbonati.

Lengalenga na kabichi ndizo mboga za kushughulikia kwa akili. Osha jani likiwa zima, kisha ndipo ukate, na ukate vipande vikubwa. Maji yawe kidogo, yawe yanachemka tayari wakati mboga inaingia, sufuria ifunikwe, na dakika tano zinatosha. Maji yanayobaki yasimwagwe, yawe mchuzi. Pika vitu vigumu kwanza, mboga iwe ya mwisho, na usiipikie mchana kwa ajili ya jioni, kwa sababu kupasha moto tena ni kuipika mara ya pili. Birayi chemsha na maganda yake, umenye baadaye. Yule anayezimenya asubuhi na kuziacha ndani ya beseni la maji hadi saa kumi anamwaga vitamini pamoja na maji ya beseni.

Mtu ataniuliza: basi tule mbichi tu? Hapa Mabanga? Swali ni la haki. Bomba ni la kubahatisha, maji mengine tunayapata kwa bidoni kutoka ziwani, na kipindupindu hakijawahi kutuaga Goma. Mlo wenye vitamini C nyingi na vijidudu vya kuhara si faida. Kwa hiyo mimi huanza na matunda yanayomenywa: chungwa, papai, nanasi, embe, marakuja. Ganda ni ulinzi, mradi mikono na kisu viwe safi. Papai linunuliwe zima, si kile kipande kinachokaa wazi na nzi. Pera, nyanya na majani ya saladi vioshwe kwa maji yaliyotiwa klorini. Juisi ya barabarani, iliyochanganywa na maji usiyoyajua, iache ipite, hata ikiwa ya marakuja.

Na kuna jambo moja la kikemia ambalo sijasikia likisemwa mitaani. Vitamini C huua nguvu ya klorini. Wenye kazi ya maji huitumia kwa makusudi kuondoa klorini. Ukikamua ndimu ndani ya bidoni mara tu baada ya kutia dawa, au ukiangusha humo kidonge kinachofoka, unaizima klorini kabla haijamaliza kazi. Tia dawa ya maji, subiri nusu saa, ndipo umimine kwenye kikombe na kukamua ndimu yako. Ndimu yenyewe haichukui nafasi ya klorini, wala ya kuchemsha.

Nimeitaja ndimu, na lazima niseme ukweli. Maji ya ndimu moja nzima yana miligramu 15 hadi 20 hivi. Si muujiza tulioufanya uwe. Pera linaishinda mbali. Thamani yake kubwa iko kwenye maharagwe. Madini ya chuma yaliyomo ndani ya maharagwe na mboga za majani ni magumu kufyonzwa, tofauti na yale ya nyama. Vitamini C ikiwapo katika mlo uleule, ufyonzaji huongezeka, mara nyingine hadi maradufu au zaidi. Chai, kinyume chake, huyafunga madini hayo yasiingie. Kwa hiyo mama mjamzito, au binti anayepata hedhi nzito, anayekula maharagwe kisha akateremshia na kikombe cha chai ya rangi, amekula chuma na kukitupa. Abadilishe mpangilio: ndimu ikamuliwe juu ya maharagwe baada ya kuepuliwa, chungwa liliwe hapohapo mwishoni mwa mlo, na chai isubiri saa moja au mbili. Haigharimu zaidi ya franka za ndimu. Na anayepata mbegu za maharagwe yenye chuma kingi, yale yaliyosambazwa kwa wakulima wa Kivu, apige hesabu hiyohiyo, kwani chuma kikiwa kingi bila kufyonzwa hakina maana. Anayetumia vidonge vya chuma vya kliniki aendelee navyo. Ndimu haichukui nafasi yake.

Kwa mtoto, maziwa ya mama yanatosha hadi miezi sita, mradi mama mwenyewe ale matunda. Maziwa ya ng'ombe yana vitamini C kidogo, na yakichemshwa, kama inavyopasa, hubaki na kidogo zaidi. Kuanzia miezi sita, papai bivu lililopondwa kwa uma ni chakula cha kwanza ambacho sijaona mtoto akikikataa. Soda ya rangi ya chungwa si chungwa. Wageni wakija, mtoto apewe tunda.

Turudi kwa mafua, kwa kuwa ndiyo yanayouza vichupa. Aliyeieneza imani hii duniani ni mwanakemia Mmarekani Linus Pauling, aliyepata tuzo mbili za Nobel, na mwaka 1970 akaandika kitabu kilichosema dozi kubwa za vitamini C huzuia mafua. Utafiti mwingi uliofuata haukumkubalia. Kwa watu wa kawaida, kumeza vidonge kila siku hakupunguzi idadi ya mafua. Kunafupisha siku za kuugua kwa asilimia 8 hivi kwa watu wazima na 14 kwa watoto: mafua ya siku saba yanapungua nusu siku kwa mtu mzima na siku moja hivi kwa mtoto. Na hiyo ni kwa anayemeza kila siku hata akiwa mzima. Anayeanza kumeza baada ya pua kuanza kutiririka hakuonekana kupata faida ya kuaminika. Maji ya moto yenye ndimu, tangawizi na asali yanatuliza koo, endelea nayo, ila asali usimpe mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

Ukinunua vidonge hata hivyo, nunua kwenye farmasi yenye kivuli, si kwenye kartoni lililoshinda juani. Kidonge kilichogeuka rangi ya kahawia kimeharibika. Vile vinavyofoka vina sodiamu nyingi, navyo havimfai mwenye presha. Zaidi ya miligramu 2,000 kwa siku huleta kuhara na maumivu ya tumbo, na kwa wenye mawe ya figo huongeza hatari. Sindano na dripu za vitamini C kwa ajili ya nguvu au ngozi nyeupe ziepuke kabisa: baadhi ya watu wana upungufu wa kurithi wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, unaopatikana sana katika nchi zenye malaria kama yetu, na dozi kubwa ya mshipani inaweza kupasua chembe zao nyekundu za damu. Kidonge kina watu wake: mgonjwa ambaye daktari amemwona ana kiseyeye, naye huanza kupata nafuu ndani ya siku chache, au mtu asiyeweza kula.

Fizi zikitoa damu, usikimbilie ndimu moja kwa moja. Mara nyingi ni uchafu wa meno, na mswaki ndio tiba. Lakini damu pamoja na homa ni safari ya kituo cha afya siku hiyohiyo. Goma iliona kisa chake cha kwanza cha Ebola Julai 2019, na hatuna haja ya kukumbushwa mara mbili. Mtoto anayekataa kusimama, anayelia ukimgusa miguu, naye apelekwe, na mweleze muuguzi anakula nini kila siku. Taja hata kile unachoona aibu kukitaja, kama ni fufu na chumvi.

Kwa bei, anayeweza kushuka soko la Kituku asubuhi, maboti ya Idjwi yanaposhusha nanasi, atapata nafuu kuliko mtaani. Na kwa kuwa ardhi ya Mabanga ni jiwe, lima ndani ya gunia. Panga mawe madogo katikati kama bomba ili maji yashuke mpaka chini, jaza udongo uliochanganywa na mbolea kuzunguka, panda lengalenga juu na pilipili ubavuni, kwenye matundu. Marakuja ipande kwenye ukuta wa mbao. Volkano ikimwaga majivu, osha majani yote kabla hayajaingia ndani. Lengalenga huwa tayari kwa wiki tatu au nne. Vuna majani ya nje, uache shina lichipue, na uvune wakati maji ya sufuria yameshaanza kuchemka.